Ufunguo Ndani ya Mzinga

Ukitaka kumuudhi Bihi, mwambie kwamba siku hizi watu wanaweka vito vyao benki. Atakutazama kuanzia kandambili mpaka kilemba, kisha atakuuliza hiyo benki ina paka wangapi.

Yeye ana kundi zima. Ghala la kijiji chao limejengwa kwa mawe matupu juu ya jabali, vyumba juu ya vyumba, kila nyumba ina chake, na kila mlango umetobolewa tundu chini ili paka apite kuwinda panya. Humo mna shayiri, lozi, mafuta ya argani na hati za mashamba. Na nyuma kabisa, ndani ya mitungi au chini ya magunia, mna fedha za wanawake. Sisemi pesa za kwendea sokoni. Nasema bizimu kubwa za pembetatu za kufungia shuka mabegani, vikuku vizito, mikufu ya kaharabu, mapambo ya kipaji cha uso yenye marijani. Mwanamke wa milima ile huenda kwa mumewe amevaa fedha hiyo, na ni mali yake, mume hana neno juu yake. Ikija siku mbaya, ndiyo akiba yake. Bihi analijua hilo kuliko mtu yeyote pale kijijini, na ndiyo maana hapendi kulizungumzia.

Lakini ukimuuliza namna ya kuitunza, hapo utamchoka. Funga kwa pamba kuukuu iliyofuliwa, atakwambia, usifunge kwa sufi mbichi, sufi huitia fedha weusi. Kaharabu usiiweke karibu na manukato. Na vibibi vinavyotia konzi ya chumvi ndani ya bahasha ya kitambaa ili majini yasisogee, amegombana navyo mpaka akachoka. "Chumvi inakula fedha, bibi!" "Heri iliwe na chumvi kuliko iliwe na jini, mwanangu." Basi huwafungulia tu.

Yeye ndiye mlinzi wa ghala. Cheo chenyewe ni Amini, na watu wanamwita hivyo wakiwa barazani. Wakiwa kwenye chai, wanamwita Da Bihi, yaani kaka Bihi. Kazi aliirithi kwa baba yake, mzee Hmad. Sheria yake ni nyepesi kuielewa. Mlinzi ana ufunguo wa lango kubwa, mwenye chumba ana ufunguo wa chumba chake, na mmoja bila mwenzake hafiki popote. Mlinzi haingizi mkono chumbani kwa mtu, hata akisikia mtungi unavuja.

Funguo za vyumba ni za mbao, kipande kama mswaki mkubwa, na mahali pa nywele za mswaki pana vijiti. Unaupenyeza ndani ya komeo, unauinua, vijiti vinasukuma vijiti vya ndani, kakata-kakata, mlango unaachia. Mlinzi ndiye anayezichonga. Kwanza huchonga wa kujaribia, kwa mti laini, mpaka vijiti vikubaliane. Halafu huchonga wenyewe kwa mti mgumu wa argani. Siku ya kukabidhi, ule wa kujaribia hutiwa motoni mbele ya mwenye chumba, wote wakiangalia, ukishakuwa jivu chai inamiminwa. Tangu hapo chumba kina ufunguo mmoja duniani, na kila mtu analala usingizi wake.

Sasa sikiliza alichoambiwa Bihi na baba yake, mzee akiwa mahututi, Ijja, mke wa Bihi, ametumwa kuchota maji.

"Mimi nilikuwa nachonga miwili ya kujaribia," mzee alisema. "Nachoma mmoja. Mwingine uko kwenye mzinga wa nyuki wa zamani, ule wa ukutani."

Bihi alidhani homa ndiyo inayosema. "Baba, watu wakijua?"

"Wasijue. Nilipokuwa kijana, jirani yetu alifia kwenye machimbo ya makaa Ufaransa na ufunguo shingoni. Mkewe na watoto walilala njaa, shayiri yao iko humu ndani, wazee wanabishana nani avunje mlango na mbele ya nani. Nikaapa." Akapumzika. "Kuna siku itakuja. Utaijua mwenyewe. Usiutumie siku nyingine yoyote, na usimwambie mtu, hata mkeo."

Mzee alizikwa, na Bihi akawa mlinzi. Alikuwa kijana bado, na kwa kweli kijana mwema, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda sana kusifiwa.

Ukaja mwaka wa ukame. Wanaume karibu wote walikuwa mijini, wenye maduka kwenye maduka yao na wasio na maduka wakiwafagilia wenye nayo. Lahsn, mume wa Mamas, alikuwa na kiduka chake Kasablanka. Alipokuja likizo na kuondoka, alisimama mbele ya lango la ghala, watu wamejaa, akapunga ufunguo wake wa mbao hewani.

"Huu nasafiri nao! Asije mtu kukusumbua hapa, Bihi. Hata mwenye nyumba!"

Watu wakacheka, maana mwenye nyumba ni mkewe. Mamas alikuwa amesimama pale pale, ameshika mkono wa binti yao, Tuda. Hakucheka. Bihi akaweka mkono kifuani na kuapa mbele ya wote kwamba hata malaika akija bila ufunguo atarudi alikotoka, na wakacheka zaidi, na yeye akasikia raha mpaka utosini.

Huyo Tuda alikuwa wa umri wa kuanza kung'oka meno ya mbele. Alipenda paka wa ghala na alipenda zaidi mlio wa makomeo. Kila mtu akija kufungua chumba, utamkuta Tuda nyuma yake, sikio limegandishwa kwenye mlango, anasubiri kakata-kakata. "Ami Bihi, fanya tena!" Na Bihi, kama mwenye chumba si mkali, alifanya tena.

Halafu mtoto akashikwa na homa. Shingo ikakakamaa, akawa hataki mwanga, anaweweseka. Ilikuwa siku ya soko, alasiri, wazee wote wako bondeni sokoni. Mamas alipanda jabali mtoto mgongoni, akaingia kwenye kijumba cha mlinzi pembeni mwa lango, akamkuta Bihi peke yake anachonga.

"Da Bihi, nifungulie. Mtoto ananifia."

"Ufunguo, Lalla?" Bihi alimwita kwa heshima, kama bibi wa nyumba.

"Anao Lahsn. Si ulikuwepo?"

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Nataka bizimu moja tu. Dereva wa lori amesema hanipeleki hospitali ya Tiznit bila rehani, nimezunguka nyumba zote, hakuna aliye na kitu. Moja tu. Ni yangu, Da Bihi, nilikuja nayo kutoka kwa baba yangu."

Mzinga ulikuwa pale pale ukutani, juu ya kichwa cha Mamas, mzinga mkuukuu wa matete uliopakwa udongo, usio na nyuki tangu enzi. Bihi aliutazama. Kisha akatazama chini, kwenye mbao aliyokuwa akichonga.

Alijua. Watu wengine wakikosea husema hawakujua, na huenda ni kweli. Bihi alijua kabisa kwamba hii ndiyo siku ambayo baba yake alikuwa ameisema, haikuwa na haja ya kujitambulisha. Lakini aliwaza: nikifungua, kesho kila mtu atajua kwamba nyuma ya kila mlango kuna ufunguo wa pili. Jina la baba litatupwa jalalani. Mimi nitafukuzwa kabla sijazoea kiti. Na Lahsn atasemaje? Halafu akajipa matumaini ya kijinga, akasema moyoni, homa za watoto huja na kupita.

"Bila ufunguo mlango haufunguki, Lalla. Ndiyo sheria."

"Vunja."

"Kuvunja ni amri ya wazee, na wazee wako sokoni."

Mtoto mgongoni aliguna. "Haya," akasema Mamas, na akatoka.

Alimpakia mtoto kwenye punda. Alishuka naye mpaka barabara kuu, akasubiri huko gari la mtu mwenye huruma, likapatikana kesho yake. Mtoto hakufa. Alirudi baada ya wiki kadhaa, mwembamba, macho makubwa, anatabasamu, na masikio yake yote mawili yamekufa. Daktari alimwambia Mamas kwamba homa ilikuwa imepanda kwenye utando wa ubongo, na kwamba angefika jana yake tu, pengine masikio yangepona. Mamas aliyarudia maneno hayo kisimani mbele ya wanawake, kwa sauti ya kawaida, bila kumtaja mtu. Wanawake wakayafikisha, kama wanavyofikisha kila kitu.

Kama kijiji kingemlaumu, pengine angepata mahali pa kuanzia. Kilimvisha kilemba cha ukoka badala yake. "Huyu ndiye Amini!" wazee walisema sokoni, wakimpigapiga bega. "Hata kwa mtoto mgonjwa, sheria ni sheria. Sasa tunalala." Lahsn aliporudi kutoka Kasablanka, macho mekundu kwa kulia, alimfuata mbele za watu, akamshika mkono, akamkabidhi pande zima la sukari, lile la umbo la pia lililofungwa karatasi ya buluu. "Uliniwekea amana yangu," alisema. "Mungu akuwekee yako."

Na Bihi akalipokea. Hilo ndilo linalomkereketa zaidi ya yote, kwamba alinyoosha mikono miwili na kulipokea, na kushukuru. Sukari ile waliinywea chai nyumbani kwake mpaka ikaisha. Ilipoisha, akamwambia mkewe kuanzia sasa chai yake isitiwe kitu.

Katika milima ile, kumpa mtu chai isiyo na sukari ni kumtukana. Ijja hakulimeza. "Mwanamume mzima anakunywa chai chungu kama mwenye kuhara!" "Wageni wataniona mimi mchoyo, Bihi, wewe huoni haya?" Alimsakama mwaka wa kwanza, akamsakama wa pili, mwishowe akazoea, akawa anaweka birika mbili.

Hivyo ndivyo alivyoishi, na ukimwona kwa nje utasema huyu bwana ametulia. Paa la Mamas likivuja, Bihi yuko juu na udongo kabla hajaitwa. Lozi zikivunwa, gunia moja linakutwa mlangoni kwa Mamas na hakuna aliyeliona likifika. Mamas alipokea kila kitu. Alisema, "Mungu akulipe, Da Bihi," na akaingia ndani. Hakuongeza neno, na Bihi hakujua kama hajui kitu au anajua kila kitu, na hakuwa na ujasiri wa kuuliza.

Tuda je? Tuda ndiye aliyekuwa adhabu yenyewe, maana hakuwa na kinyongo na mtu. Aliendelea kuja ghalani. Kwa kuwa hasikii tena, alijifunza kuweka kiganja juu ya mlango wakati komeo linainuliwa, afumbe macho, asikie vijiti kwa mkono. "Tena, ami!" alisema, kwa ile sauti yake mpya, ya juu, iliyonyooka, isiyopanda wala kushuka, kwa sababu hajisikii mwenyewe. Bihi alifanya tena. Kisha alikwenda nyuma ya ghala akakaa na paka mpaka uso ukae sawa.

Alikua binti mrefu mwenye maneno mengi. Alisoma midomo ya watu hadi ikawa huwezi kumsengenya mtu ukiwa upande wa pili wa uwanja. Pale asipopata neno, alisema tu, "Rudia." Na hapa Bihi alifanya jambo ambalo mpaka leo halielezi vizuri. Aliacha masharubu yake yakue. Yakaota, yakashuka, yakafunika mdomo wote wa juu na nusu ya wa chini.

"Ami," Tuda alimwambia siku moja, akicheka, "masharubu yako yanameza maneno."

"Baridi," Bihi akasema, na akageuza uso.

"Rudia?"

Hakurudia. Alijishughulisha na komeo. Kila alipozungumza na yule binti alijikuta anaangalia ukutani au kwa paka, na alijua kwamba kumgeuzia uso mtu wa namna ile ni kumfungia mlango. Alikuwa amemfungia mara moja, na sasa alikuwa anaendelea kumfungia kila siku, ila hakuweza kujizuia. Aliogopa kwamba akimtazama usoni mdomo utamponyoka.

Lahsn alifariki dukani kwake, ufunguo ukarudi kijijini pamoja na nguo zake, ukawa wa Mamas. Ghala lenyewe likaanza kupungukiwa na watu. Wengi walihamia pwani, wakachukua vyao, wengine wakauza fedha za nyanya zao kwa watalii. Bihi akazeeka pamoja na milango yake. Mamas hakutoa chake.

Kisha Tuda akaposwa na fundi wa pampu za maji kutoka bonde la pili, kijana mcheshi aliyejifunza kusema polepole na kufungua mdomo vizuri kwa ajili yake. Siku ya harusi ilipofika, kijiji kilijaa watu waliorudi kutoka kila mji, wazee wamekaa chini ya ukuta wa ghala wakisubiri chakula, na wanawake wako nyumbani kwa Mamas na hina na udi, wanangoja kitu kimoja tu: fedha ya kumvisha bibi arusi.

Mamas alipanda jabali baada ya sala ya adhuhuri, na Tuda yuko pamoja naye, kichwa kimefunikwa, mikono imefungwa vitambaa vya hina mpaka vifundoni. Ijja aliwapokea kwa vigelegele na kuwaingiza kwenye kijumba cha mlinzi. Bihi alijaza birika maji baridi, akaliweka kwenye jiko la gesi na kuwasha.

"Kaa basi, Lalla Mamas, chai kwanza. Mwali hakimbii."

"Hatukai, Da Bihi. Wanasubiri kumvisha."

"Basi twende. Ufunguo?"

"Sina," Mamas akasema.

Bihi alidhani hakusikia vizuri. "Umeusahau nyumbani?"

"Nimesema sina." Alikuwa amesimama pale pale alipokuwa amesimama mwaka ule, chini ya mzinga, mikono ndani ya shuka lake. Aliyasema maneno bila kuyapandisha. "Nifungulie, Da Bihi."

"Yallah, mwenzangu!" Ijja akadakia. "Siku zote umekaa na huo ufunguo, umepotea leo? Lakini si neno, usilie. Wazee si hao hapo nje, wanasubiri kujaza matumbo? Waiteni wavunje mlango. Wakishavunja ndiyo wale. Utaona watakavyokuwa na nguvu!"

Mkewe alikuwa amempa njia, tena njia safi. Sheria inaruhusu, wazee wapo, mlango uvunjwe, ajifute jasho, awe Amini mpaka anaingia kaburini. Kuvunja komeo siku ya harusi watu wanaona ni nuksi, lakini nuksi husomewa dua. Bihi alimtazama Tuda, ambaye alikuwa akitazama midomo yao wote kwa zamu, akijaribu kufuata, na akilini mwake aliona shoka likipiga mlango ambao yule binti alikuwa akiuwekea kiganja.

Akavuta ngazi.

"Unakwenda wapi juu huko?" Ijja akauliza. "Bihi! Huo mzinga una nini? Si uliniambia una nge?"

Bihi aliutoa mzinga ukutani, akaushusha, akakwangua udongo uliofunika mdomo wake. Funguo zilimiminika sakafuni kwa vumbi, za mti laini, nyeupe, nyingi kuliko alivyowahi kudhani. Ijja aliziba mdomo kwa mkono. Alikuwa mke wa mlinzi tangu ujana wake, hakuhitaji kuelezwa ni kitu gani anachokiona, wala maana yake kwa wale wazee waliokaa nje.

Bihi alichagua mmoja kwa alama ya chumba cha Mamas, ambayo baba yake aliichora mpini. Alitoka nao mkononi, wazi, hakuuficha, akapita mbele ya wazee, Mamas na Tuda wakimfuata. Mazungumzo yakakatika. Alifungua lango kubwa, wakapita, wakafika chumbani. Tuda alivua kitambaa cha mkono mmoja, hina imekauka, akaweka kiganja mlangoni na kufumba macho.

Ufunguo wa mti laini, ambao haukuwahi kutumiwa tangu ulipojaribiwa, uliingia kama umechongwa jana. Kakata-kakata. Mlango ukaachia.

Tuda alicheka. Mamas aliingia, akasogeza magunia matupu, akatoa bahasha ya pamba kuukuu iliyofungwa vizuri, bila sufi, bila chumvi, kama Bihi alivyowafundisha wote. Ndani yake bizimu mbili zilikuwa zinang'aa, na vikuku, na pambo la kipaji. Alivikagua kimoja kimoja, akambandika bintiye bizimu kifuani kupima, akatikisa kichwa kuridhika. Hakuna kilichopungua. Hakuna kilichowahi kupungua kwenye ghala lile.

Kisha akaingiza mkono ndani ya shuka lake, chini ya mkanda, akatoa ufunguo wa mti wa argani, mweusi kwa jasho la mkono wa Lahsn.

Bihi aliutazama. Akaegemea ukuta.

"Nilikuwa nao," Mamas akasema. "Siku ile, nilipokuomba, macho yako yalikwenda kwenye mzinga, halafu yakashuka chini. Nikasema moyoni, mle mna kitu. Nimekaa na hilo miaka yote, nakula lozi zako. Leo nilitaka tu nijue ingekuchukua muda gani."

Alitega sikio kule kwenye kijumba cha mlinzi. Kulikuwa kimya.

"Hata birika lako halijachemka," akasema.

Bihi angependa Mamas amtukane. Angependa apige kelele, wazee waje, wamvue kilemba, lolote. Mamas hakufanya hivyo. Alifunga bahasha yake taratibu, kama mtu aliyemaliza kilichomleta.

Tuda alikuwa ametazama, lakini mama yake alikuwa amempa mgongo. Aliona sura ya Bihi tu. Akamshika kiwiko kwa ule mkono mwekundu wa hina.

"Ami! Mama amesema nini?" Sauti yake iligonga kuta za mawe, iliyonyooka, ya juu, na nje wale wazee wote waliisikia.

Bihi alimtazama Mamas. Mamas alikuwa anatazama chini, hakumsaidia.

Basi akamgeukia binti. Alisogea mpaka penye mwanga wa mlango ili uso wake uonekane, na kwa vidole viwili akayasukuma masharubu pembeni, huku na huku, mpaka midomo ikawa wazi.

"Siku ulipougua," akasema, polepole, "ufunguo nilikuwa nao."

Tuda aliikazia macho midomo ile, ambayo hakuwa ameiona tangu utoto. Midomo ilikuwa inatetemeka, na inayotetemeka ni migumu kusoma.

"Sijapata," akasema. "Rudia, ami."

Akarudia.